Vyuma, Nyongeza na Msumari Mtupu

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa chuma hata kimoja. Nawaambieni mapema, ninyi vijana mnaoingia jimu Jumatatu mkitaka kifua kiwe kimetoka kufikia Ijumaa, ili msidhani kwamba nilianza kwa kunyanyua. Nilianza kwa kukaa. Na mimi niliumbwa na miguu isiyotulia. Mama yangu alikuwa akisema nilimpiga mateke tumboni hadi siku ya kuzaliwa, na nilipotoka nikaendelea.

Jimu yenyewe ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya soko la viatu la jumla, upande wa Liuhua, karibu na stesheni ya reli ya Guangzhou. Harufu ya gundi ya viatu ilipanda ngazi pamoja nasi kila asubuhi. Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea mwisho. Mimi Salome, binti wa Singida, mtupa tufe wa zamani wa shule ya sekondari, nilikuwa nimemaliza masomo ya elimu ya viungo kwa ufadhili, kwa Kichina, na machozi yake nayajua mwenyewe. Sikutaka kurudi nyumbani na cheti kilichokunjwa kwenye begi. Nilitaka kazi ya ukocha, na kibali changu cha kukaa mjini kilitegemea kazi hiyo.

Mkubwa wangu alikuwa Kocha Mkuu, mzee mfupi mwenye shingo nene, aliyeshindana kunyanyua vyuma ujanani mwake. Juu yake alikuwapo mwenye jimu, laobani, kama wanavyoitwa mabosi wote kule. Laobani tulimwona mara chache. Kocha Mkuu tulimwona hata alipokuwa hayupo, kwa jinsi tulivyomwogopa.

Asubuhi ile alinionyesha benchi lililokuwa ukutani.

"Kaa hapo hadi jioni," alisema. "Watu wakinyanyua, angalia dari ukitaka. Wakipumzika, angalia mikono yao."

"Mikono, Kocha? Si misuli?"

"Misuli inajua kujionyesha. Mikono haijui."

Nikakaa. Kabla saa haijapita, miguu yangu ilikuwa inacheza ngoma yake yenyewe sakafuni. Kocha Mkuu akaja na pleti, zile sahani nzito za chuma zinazotiwa kwenye ncha za mtaimbo ili kuongeza uzito, akaniwekea mapajani. Miguu ikanyamaza. Nilikasirika sana. Nilijiona kama mtoto aliyefungwa kamba ya kiuno asitambae kwenda jikoni.

Lakini macho hayakuwekewa pleti, nikaona. Mtu aliyepumzika sawasawa kati ya seti na seti, yaani kati ya mkupuo mmoja wa kunyanyua na mwingine, mkono wake hulala wazi juu ya paja, kiganja kimelegea, vidole havina habari. Mtu aliyechoka kupita kiasi mkono wake haufunguki. Hubaki umejikunja nusu, kana kwamba bado umeshika chuma, na vidole huchezacheza. Mdomo wake unaweza kukuambia yuko tayari. Mkono unakataa.

Kwenye mlango wa jimu palikuwa na ubao wenye misumari, na kila msumari umetundikwa kibao cha mbao chenye jina la kocha. Jioni ile Kocha Mkuu alichukua nyundo, akapigilia msumari mpya mwisho wa safu, akauacha mtupu.

"Wa nani huo?" niliuliza.

"Hatujui bado," alisema, akarudisha nyundo mahali pake.

Miezi iliyofuata nilifuta mitaimbo, nilipanga pleti, nilihesabia watu marudio, na kila nilipopita mlangoni msumari ule ulinitazama. Siwezi kuwaelezeni jinsi ulivyonikosesha raha. Nilikuwa nikila chakula cha mchana nimesimama.

Sasa niwafundishe kidogo, maana wengi mnaiga mbinu bila kujua zilikuwa za nani. Mtu mgeni wa vyuma hukua kwa lolote utakalompa. Mpe ndoo ya maji apandishe na kushusha, atakua. Mzoefu ni habari nyingine. Mwili wake umeshauzoea mzigo, unaupokea kama jirani anayekuja kila siku kuomba chumvi, hauinuki hata kitini. Kwa watu wa namna hiyo ndipo tulipotoa mbinu za kabatini.

Kulikuwa na seti ya kushuka, ambayo ninyi mnaiita dropset: unanyanyua hadi huwezi tena, mwenzako anapunguza pleti upesi, unaendelea hapo hapo bila kupumzika. Kulikuwa na pumzika-endelea: unaurudisha mtaimbo kwenye nguzo zake, unavuta pumzi chache, unauchukua tena na kuchuma marudio mengine mawili matatu ambayo hukuwa nayo. Kulikuwa na kushusha polepole: tunakusaidia kuinua mzigo ulio juu ya uwezo wako, kisha unaushusha mwenyewe ukiupinga njia nzima, kwa kuwa msuli una nguvu zaidi unaposhusha kuliko unapopandisha. Kulikuwa na superseti, mazoezi mawili yanayofuatana bila pumziko katikati. Na kulikuwa na ile ambayo wengi hawakuipenda, wiki ya kulegeza: baada ya wiki kadhaa za kazi ngumu, unapunguza mzigo na seti kwa makusudi, mwili upate nafasi ya kulipa uchovu wake.

Kocha Mkuu alikuwa na kauli moja kuhusu mbinu hizi. "Ni pilipili. Hakuna anayeshiba pilipili." Chakula chenyewe, alisema, ni seti za kawaida zilizofanywa vizuri, unakomea ukiwa bado na nguvu za rudio moja au mawili, unaongeza mzigo kidogo kidogo, unakula, unalala. Nilimsikiliza, lakini sikumpenda kwa hilo. Mimi nilipenda pilipili.

Ndipo akaja Festo.

Festo alikuwa mfanyabiashara wa Makambako, mkubwa kwangu kwa miaka kadhaa, anayenunua suruali za jinzi katika soko la Shahe na kuzipeleka nyumbani kwa kontena. Alikuwa mlei wa kanisa, mwimba besi, mwenye mabega kama mlango. Alianza kunyanyua kijijini kwao kwa ekseli ya lori lililokufa, huku na huku ametia makopo yaliyojazwa saruji. Miaka mingi alikuwa amekua. Kisha akaacha kukua. Mapaja yake yalikataa kabisa, na kule kwenye jukwaa la mashindano ya kutunisha misuli, kifua kikubwa juu ya mapaja membamba ni kuchekesha watu.

"Dada Kocha," aliniambia siku ya kwanza, akinipa mkono kwa heshima, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia. "Nimejaribu kila kitu. Huu mwili umefunga duka. Nisaidie walau nipande jukwaani mara moja kabla sijazeeka. Nyumbani wananiita Mapaja ya Kuazima."

Nilicheka, naye akacheka, lakini niliona kwamba jina lile lilikuwa linamuuma.

Kocha Mkuu aliniita pembeni. "Huyu ni wako. Mashindano ya klabu za mji ni majira ya machipuko. Mapaja yake yakikua, nitatundika jina lako. Yasipokua, laobani hatatia sahihi barua ya kibali chako, na mimi sitamwomba."

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa. Mapaja ya Festo ndiyo yalikuwa pasipoti yangu.

Tulianza kazi kwa nguvu. Nilimpangia mpango, naye aliufuata bila kulalamika. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja ambao ni sisi tu tungeweza kuuleta Guangzhou. Mnajua sokoni kwetu: ukishanunua fungu la nyanya, mwuzaji hakuachi hivi hivi, anakutilia moja au mbili juu. Festo hakuwahi kuondoka dukani bila nyongeza. Pale Shahe wauzaji walikuwa wakimwambia "meiyo, meiyo," hakuna, hakuna, naye anasimama hapo hapo anatabasamu, hadi wanamtupia walau pakiti ya vifungo aondoke. Sasa alileta tabia hiyo kwenye vyuma. Tukimaliza kuchuchumaa na mtaimbo mabegani, zoezi kuu la mapaja, anajifuta jasho na kuniangalia.

"Kocha, fungu nimeliona. Nyongeza iko wapi?"

Nami nampa. Seti ya kushuka juu ya seti zilizopangwa. Kesho yake pumzika-endelea. Keshokutwa superseti. Wiki ya kulegeza ilipofika tukaiita wiki ya maandalizi, tukapita juu yake. Nilikuwa nafurahi kuwa na mwanafunzi anayefanana nami. Sisi wawili tulikuwa kama watu wanaokimbia mvua ambayo haijanyesha.

Mapaja hayakuongezeka. Mzigo mmoja wa kuchuchumaa ulimshinda mwezi mzima. Alikuwa anashuka nao vizuri, akifika chini anakwama, na mimi na kocha mwenzangu tunaudaka. Nilikuwa nalala vibaya, nikiota mtaimbo unaniangukia. Kocha Mkuu alipita, akatazama, akaenda zake. Hilo la kwenda zake ndilo lililonitia wazimu.

Kisha ikakaribia sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina. Mnaokwenda Guangzhou leo mnaijua: mji unajimwaga. Viwanda vinafungwa, wafanyakazi wote wanarudi kwao, na njia ya wengi inapita stesheni yetu. Uwanja wa mbele ulijaa watu, mabegi ya nailoni, watoto waliovalishwa makoti mekundu. Soko la viatu chini yetu lilishusha milango ya chuma, mlango baada ya mlango. Oda ya Festo ilikuwa haijakamilika, kiwanda kilishafungwa, hivyo akabaki amekwama mjini bila kazi. Na jimu ikatangazwa kufungwa hadi sikukuu iishe.

Nilimfuata Kocha Mkuu hadi stesheni. Nilimkuta katikati ya umati na begi lake dogo, anakwenda kwao kijijini.

"Nipe ufunguo," nilimwambia. "Mashindano yapo mlangoni. Festo akikaa siku zote hizi atayeyuka."

"Jimu hakuna," alisema.

"Ufunguo upo mfukoni mwako, nauona."

"Ufunguo upo. Jimu hakuna." Umati ulimsukuma hatua moja, akarudi. "Siku ya kwanza nilikuweka kwenye benchi. Uliona nini?"

"Niliona watu wavivu!" nilimjibu. Nilikuwa na hasira hata adabu ikanitoka.

Akacheka, meno yake yote nje, na umati ukamchukua. Nilibaki uwanjani. Niliona wazi nitarudi Singida kwa sababu ya mzee anayependa likizo.

Siku ya tatu ya sikukuu Festo alinijia hosteli, uso unang'aa. "Dada, nimepata jimu. Twende Xiaobei. Wakala wangu wa kago, yule Mkongomani, kaniachia ufunguo wa stoo yake pale kwenye jengo la Tianxiu. Mabelo ya jinzi yamejaa hadi dari. Tutanyanyua mabelo!"

Nilivaa viatu kabla hajamaliza kusema. Tulitembea haraka katika mitaa iliyokufa ganzi. Mbele ya maduka yaliyofungwa ilisimama miti midogo ya machungwa kwenye vyungu, imefungiwa bahasha nyekundu, na hapakuwa na mtu. Guangzhou bila watu ilinitia hofu. Nilihisi kila mtu amekwenda mahali fulani na sisi tumesahauliwa.

Stoo ilikuwa chini, baridi, inanuka jinzi mpya. Nilikuwa nimebeba chai kwenye chupa. Festo alivua koti, akapiga belo moja kofi kama anavyopigwa ng'ombe wa mnada.

"Kwanza chai," nilisema, "upate joto."

Nikammiminia kwenye kifuniko cha chupa. Alikinyooshea mkono, na mkono haukufunguka. Vidole vilikuja vimejikunja nusu, vikagonga kifuniko, chai ikamwagika kidogo. Akacheka, akakishika kwa mikono yote miwili. Vidole gumba vilikuwa vinachezacheza.

Ilikuwa siku ya tatu hajagusa chuma, na mikono yake bado ilikuwa imeshika mtaimbo.

Nilitazama mikono ile, nikasikia uzito wa pleti mapajani mwangu kama siku ile ya benchi. Nilitaka tunyanyue. Wallahi nilitaka, kuliko yeye. Kila msuli wangu ulikuwa unaniambia tumechelewa. Nikaenda, nikapanda juu ya lile belo alilolichagua, nikakaa.

"Dada Kocha, shuka."

"Sishuki."

"Usinifanyie hivyo bwana. Oda imekwama, laobani wa kiwanda kaenda kwao, kontena sijui litafungwa lini. Niachie hata hili belo moja niongee nalo. Si unajua, mgaagaa na upwa hali wali mkavu."

"Wewe umegaagaa hadi upwa umeisha, Kaka Festo. Tazama mikono yako."

Akaitazama. Alijaribu kuinyoosha, ikanyooka, alipoiacha ikajikunja tena. Tabasamu likamtoka.

"Ndivyo ilivyo siku hizi," alisema polepole. "Hata nikishika kitabu cha nyimbo kanisani."

"Mwili wako haujafunga duka. Umeingiziwa bidhaa hadi mlango haufunguki. Kila tulichofanya kimo humo, kinasubiri nafasi. Ukinyanyua belo hili leo, mapaja hayatakua, na mimi narudi kwetu bila kazi. Ukitaka kulinyanyua, ninyanyue na mimi."

Alinitazama, na kwa kitambo nilidhani atatunyanyua wote wawili. Kisha akakaa kwenye belo jingine, akajishika kichwa.

"Unajua kwa nini siwezi kukaa?" aliniuliza. "Nikikaa, nasikia kuna mtu ananipita. Simjui ni nani. Nasikia tu hatua zake."

Mimi pia nilikuwa nazisikia hatua hizo tangu utotoni, nikidhani ni mimi peke yangu. Nilimwonea huruma, nikajionea huruma, tukanywa chai ile iliyobaki.

Siku zilizobaki za sikukuu zilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizofanya katika ukocha. Kila siku tulikutana stoo, tukacheza drafti kwa vizibo vya soda juu ya katoni. Festo alikuwa akinyanyuka, anazunguka mabelo, anarudi. Nami nilikuwa nikimwambia "Kaa," huku miguu yangu chini ya katoni inapiga mbio. Tulikula tambi, mayai, wali na samaki, mara nyingi kuliko njaa ilivyotaka. Tulitembea kulizunguka ziwa la Liuhua, na kila alipoanza kwenda mwendo wa kijeshi nilimshika koti. Siku moja aliipiga katoni ya drafti teke, vizibo vikatawanyika stoo nzima, akatoka nje. Nilivikusanya nikilia. Nilijiona nimechagua kupoteza kazi yangu kwa mikono yangu mwenyewe. Alirudi na maandazi ya mvuke, akaniomba radhi, tukapanga upya.

Sikukuu ilipokuwa inaelekea kuisha, mchana mmoja, ilikuwa zamu yake ya kucheza. Nikasubiri. Nikainua macho, nikamkuta amelala ameketi, kidevu kifuani, pumzi zinakwenda ndefu. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya goti, kiganja juu, umefunguka wote. Hata gumba lilikuwa limelala. Sikusogeza kete, nisije nikamwamsha. Nilikaa pale nikiutazama mkono wa mtu mzima kama mama anavyotazama mtoto aliyepona homa.

Jimu ilipofunguliwa, Kocha Mkuu alitukuta ngazini. Alimpa Festo kikombe cha chai, akautazama mkono uliokipokea, kisha yeye mwenyewe akaenda kutia pleti kwenye mtaimbo. Alitia mzigo uleule uliokuwa umetushinda.

Festo aliuchukua mabegani, akashuka nao, akafika chini. Nilikuwa nyuma yake nimetanguliza mikono kuudaka. Akapanda. Akashuka tena, akapanda. Alipourudisha kwenye nguzo, alikuwa analia na kucheka, nami nilimpiga mgongoni hadi kiganja kikaniuma.

"Kocha!" alisema, akihema. "Nyongeza?"

"Meiyo," nilimjibu.

Kocha Mkuu aligeuka upande, lakini niliona mabega yake yakitikisika kwa kicheko.

Tangu hapo tulifanya kazi kwa kipimo. Seti za kawaida ndizo zilikuwa wali. Seti ya kushuka ilikuja mwishoni mwa siku ya mapaja, moja tu. Kushusha polepole tulikufanya wiki mojamoja, si kila siku. Kila baada ya wiki chache nilimlegeza, hata alipokuwa anasema yuko tayari kuinua stesheni. Kila asubuhi niliangalia mkono wake kabla sijamsalimu. Mapaja yakaanza kukaza suruali. Alikuja siku moja amevaa jinzi ya biashara yake, imepasuka pembeni, akaionyesha kwa watu wote jimu kana kwamba ni tuzo.

Kwenye mashindano hakushika nafasi ya kwanza. Nafasi hiyo aliichukua mpishi mmoja wa mkahawa, mtu wa mwili ambao hata mimi niliupigia makofi. Festo alikuwa wa pili. Alipogeuka kuonyesha mapaja, Waswahili tuliokuwa ukumbini, wafanyabiashara na wanafunzi, tulipiga vigelegele hadi waamuzi wakatutazama. Aliposhuka alinikumbatia na mafuta yake yote. "Waambie nyumbani," alisema, "nimeyarudisha yale ya kuazima. Haya ni yangu."

Asubuhi iliyofuata nilipanda ngazi za jimu, harufu ya gundi kama kawaida. Kwenye msumari wa mwisho kilining'inia kibao, jina langu kwa maandishi ya Kichina, wino haujakauka vizuri. Barua ya kibali ilikuwa mezani, imeshatiwa sahihi. Kocha Mkuu alikuwa anafagia. Nilimsogelea nimshukuru. Akaniwekea mkononi ile pleti ya siku ya kwanza.

"Ya kwako," alisema. "Utaihitaji. Wewe si mtu wa kukaa."

Nilifanya kazi pale hadi alipostaafu. Baadaye nilihamia jimu ya hoteli moja upande wa Tianhe, chini ya Meneja aliyevaa tai hata kwenye joto na aliyeamini mashine zinafundisha zenyewe. Kisha nikarudi nyumbani, nikawa mkufunzi wa michezo katika chuo, nikapita mikononi mwa Wakuu wa Chuo kadhaa, wengine wema, wengine wa kuvumilia. Nimefundisha wanyanyuaji wengi wazoefu. Karibu wote walikuja kuniomba mbinu mpya, na wengi wao niliwapeleka kulala. Walininunia kwanza, wakanishukuru baadaye. Festo aliendelea na jinzi zake. Kila akipita Singida ananiletea maharage ya Makambako, na kabla hajaketi namwambia anionyeshe mkono.

Nilipofikia umri wa kustaafu kwa hiari, Mkuu wa Chuo aliniita ofisini. Aliniagizia chai. "Kocha," alisema, "hatujapata mtu wa nafasi yako. Tuongezee mwaka mmoja. Mmoja tu."

Neno ndiyo lilikuwa ulimini. Nyumbani kulikuwa na nini? Ukimya, na zile hatua za mtu anayenipita. Nilinyoosha mkono kuchukua kikombe kwanza, nipate kujibu kwa utulivu, na vidole vikaja vimejikunja nusu, vikakigonga, chai ikamwagika kwenye sahani. Nilitazama mkono ule kwa muda mrefu. Nimetazama mikono ya watu maisha yangu yote, na sikumbuki kama niliwahi kuutazama wangu.

"Meiyo, Mkuu," nilisema. Hakuelewa. Nikamwambia kwa Kiswahili, kwa heshima, kwamba fungu linatosha.

Sitawadanganya kwamba kustaafu ni raha. Miezi ya kwanza nilifagia uwanja hadi ukabaki mwamba. Majirani walinihurumia. Mchana nilikuwa nakaa barazani na pleti ya Kocha Mkuu mapajani, kwa sababu bila hiyo nilijikuta nimeshafika barabarani. Vijana wangu wa zamani wanaponitembelea hunicheka, nami huwaacha wacheke. Kutulia nako kunataka mazoezi, na mimi ni mgeni wake.

Jana nilikuwa nimekaa hapo hapo, nasubiri chai ipoe. Nikautazama mkono wangu juu ya ile pleti. Ulikuwa umelala wazi, kiganja juu, vidole havina habari. Gumba tu lilikuwa linacheza kidogo, kisha nalo likaacha. Chai ikapoa, ikawa baridi kabisa. Sikuichukua, nisije nikaushtua.